Nani Baba, Nani Mwana? Usaidizi wa Jamii katika Historia ya Kolwezi

1.0 Utangulizi

Katika miji ya migodi ya Katanga ya kusini umeenea usemi kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Usemi huu ulihusu kwanza Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, kisha ukarithiwa na Gécamines, shirika la serikali lililochukua migodi hiyo baada ya kutaifishwa mwaka 1967. Msikilizaji mgeni huweza kuuchukua usemi huo kuwa ni sifa tupu. Sifa imo, lakini ndani yake mna jambo jingine pia. Mwenye baba ni mwana. Na mwana hulishwa, hutibiwa, husomeshwa na kukanywa, lakini si desturi kumwuliza anataka nini.

Makala haya yanachunguza historia ya usaidizi wa jamii katika Kolwezi na ukanda wa shaba wa Lualaba kwa kufuata neno hili *baba*: nani aliitwa hivyo, na nani, na kwa sababu gani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wanazuoni wa kazi za ustawi wa jamii wa Uingereza na Kanada wamejenga mkabala unaoitwa wa kupinga ukandamizaji. Miongoni mwao ni Lena Dominelli, aliyechapisha mwaka 1988 kitabu juu ya kazi za ustawi zinazopinga ubaguzi wa rangi. Kabla yao, Mbrazili Paulo Freire alikuwa amekwisha kuonyesha katika kitabu chake juu ya elimu ya wanaokandamizwa kwamba mwalimu anayemjaza mwanafunzi maarifa kama mtu ajazaye mtungi anamnyima utu wake. Kiini cha mkabala huo ni kwamba mhudumu wa jamii ana mamlaka juu ya anayemhudumia, na kwamba asipoyachunguza mamlaka hayo, msaada wake huweza kuwa chombo cha kumtiisha mtu.

Fikra hizo hufundishwa kana kwamba zilizaliwa ng'ambo zikaletwa Afrika. Historia ya Kolwezi inaonyesha vingine. Huko swali lenyewe liliulizwa mapema, tena kwa Kiswahili. Hoja ya makala haya ni kwamba ukandamizaji katika usaidizi hautokani na ubaya wa kitu kinachotolewa. Maziwa ya mtoto ni maziwa, na dawa ni dawa. Ukandamizaji unatokana na utaratibu unaomfanya mpokeaji abaki mwana siku zote. Kwa sababu hiyo, kuuondoa msaada si sawa na kuuondoa ukandamizaji.

2.0 Kambi, posho na malezi

Katika miaka yake ya mwanzo Union Minière haikujishughulisha sana na maisha ya mfanyakazi nje ya mgodi. Wanaume waliletwa bila wake zao, kwa mikataba mifupi. Wengine walitoka Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine waliandikwa vijijini na Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1910. Maradhi yaliwaua wengi, na wengi wengine walitoroka. Kila aliyekufa au kutoroka alikuwa hasara kwa kampuni, kwani ilibidi mwingine atafutwe, asafirishwe na kufundishwa kazi upya.

Kati ya mwaka 1926 na 1928 kampuni ilibadili mwendo. Ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikawatafuta watu katika Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi, na ikawahimiza waje na wake zao au waoe. Madhumuni yalikuwa kupata mfanyakazi mwenye makao ya kudumu kambini, mwenye afya, aliyezoea mashine, na ambaye watoto wake wangekuja kuwa wafanyakazi baada yake. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa viongozi wakuu wa sera hiyo, alichapisha mwaka 1946 maelezo ya miaka 20 ya utekelezaji wake. Katika mafundisho ya sera hiyo Mwafrika alihesabiwa kuwa mtoto anayehitaji malezi, na mwajiri akahesabiwa kuwa mzazi wake.

Kolwezi ilikua ndani ya sera hiyo. Kampuni ilipopanua migodi yake ya magharibi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, kambi za Ruwe na Musonoi zilijengwa kwa mfano uliokuwa umekwisha kujaribiwa Élisabethville, yaani Lubumbashi, na Jadotville, yaani Likasi. Kambini mfanyakazi alipata nyumba, alipata posho ya chakula kwa ajili yake, mkewe na watoto wake, na alipata hospitali. Shule ziliendeshwa na wamisionari. Mama mjamzito alitakiwa kwenda kupimwa, kujifungulia katika nyumba ya uzazi, na kumleta mtoto apimwe uzito. Watoto walipewa mlo na maziwa. Wanawake walifundishwa kushona, kupika na kutunza usafi katika vituo vilivyojulikana kwa jina la Kifaransa la *foyer social*, na humo ndimo walimoonekana wahudumu wa jamii wa kwanza, wanawake wa Kizungu pamoja na wasaidizi wao Waafrika.

Haifai kuyadharau mambo hayo. Vifo kambini vilipungua sana, na vizazi vya watu waliojua kusoma vilitoka katika shule hizo. Lakini kila kitu kilikuwa na kamba iliyokifunga kwenye kazi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na aliyeachishwa kazi aliiacha pamoja na kazi. Posho ilipimwa kwa hesabu ya watu waliokubaliwa na ofisi ya kambi kuwa ni familia. Mke wa pili hakutambuliwa. Mke alifundishwa kuwa mama wa nyumbani kwa kipimo cha Ubelgiji, ingawa huko alikotoka mwanamke alikuwa mkulima, mwenye ghala lake na neno lake juu ya mavuno. Hivyo mwanamke aliyeingia kambini alipata maziwa ya mtoto, akapoteza shamba.

Lugha nayo iliingia katika mpango huo. Kampuni ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi na ya kambi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji, ameonyesha jinsi vijitabu vya Kiswahili walivyoandikiwa Wazungu vilivyojaa sentensi za kuamrisha. Wakubwa walijifunza kusema *leta*, *fanya*, *njoo*. Haja ya kujifunza kuuliza ilikuwa ndogo, maana hawakukusudia kujibiwa.

3.0 Sauti ya mwaka 1941

Wana waliodhaniwa hawana neno walisema mwezi Desemba 1941. Vita vilikuwa vimeongeza mahitaji ya shaba, kazi ikazidi, na bei za bidhaa zikapanda kuliko mishahara. Wafanyakazi Wazungu walikuwa wamekwisha kujikusanya na kudai haki zao. Wafanyakazi Waafrika nao wakagoma Lubumbashi na Likasi, wakidai nyongeza ya mishahara. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi. Makumi ya watu waliuawa, akiwemo karani Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wa wagomaji.

Mgomo huo una uzito katika historia ya usaidizi wa jamii kwa sababu mbili. Kwanza, waliogoma walikuwa ndio hasa waliolelewa na sera mpya: watu wenye nyumba, posho, wake na watoto shuleni. Hawakudai wapewe malezi zaidi. Walidai ujira, yaani kitu ambacho mtu hukipata kwa haki na hukitumia apendavyo. Pili, majibu ya utawala yalionyesha mpaka wa ubaba wa kampuni: mwana aliyedai hesabu alijibiwa kwa bunduki.

Baada ya vita sheria ya mwaka 1946 iliruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika na mabaraza ya ushauri katika makampuni, lakini chini ya uangalizi wa utawala. Mwaka huohuo kiliundwa Élisabethville kituo cha utafiti kilichojulikana kwa kifupi kama CEPSI. Jina lake kamili lilimaanisha Kituo cha Uchunguzi wa Matatizo ya Kijamii ya Wenyeji. Jina hilo linastahili kusomwa kwa makini. Linasema matatizo ni ya wenyeji, na kwa hiyo wanaopaswa kuchunguzwa ni wenyeji. Mshahara, risasi na kambi yenyewe havimo katika jina. Tangu hapo kosa hilo limerudiwa mara nyingi katika taaluma ya ustawi wa jamii, kila tabu iliyotokana na utaratibu ilipoandikwa katika faili kuwa ni kasoro ya mtu.

4.0 Jamaa: baba na mama wanaoitana

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, katika kambi za Kolwezi, lilitokea jambo ambalo halikutoka katika ofisi ya kampuni. Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933, alikuwa amekwisha kupata jina kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichotoka mwaka 1945. Alipokuwa akiwahudumia wafanyakazi wa Ruwe na Musonoi, pakaanza kundi la wanandoa lililoitwa Jamaa.

Tempels mwenyewe alieleza baadaye kwamba kwa miaka mingi alikuwa amewaendea watu kama bwana na mwalimu mwenye yote, na kwamba mwelekeo wake uligeuka alipoanza kuwauliza wao ni nani na wanatamani nini. Katika majibu yao alisikia mambo matatu, na hayo ndiyo yaliyokuwa nguzo za mafundisho ya Jamaa: *uzima*, *uzazi* na *mapendo*. Mafundisho yaliendelea kwa mazungumzo marefu, kwa Kiswahili cha Katanga, mume na mke pamoja. Mwanamke hakutengwa katika darasa la kushona. Aliketi na mumewe, akisikiliza na kusema.

Jambo linalohusu makala haya zaidi ni namna ya kuitana. Wanajamaa waliitana *baba* na *mama*. Tempels naye aliitwa Baba Placide, lakini hakuwa baba peke yake, kwani mchimba madini alikuwa baba, na mkewe alikuwa mama. Wale waliowaingiza wengine katika njia ya Jamaa walihesabiwa kuwa wamewazaa, na waliozaliwa hivyo wangeweza kuzaa wengine baadaye. Katika kambi ileile ambamo kampuni ilikuwa baba wa pekee na wengine wote wana wasiokua, watu walilichukua neno lilelile wakalifanya liende na kurudi. Mwana angeweza kuwa mzazi.

Hata hivyo Jamaa haipaswi kupambwa kupita kiasi. Mwaka 1950 mshairi Aimé Césaire wa Martinique alikuwa amekishambulia kitabu cha Tempels katika insha yake juu ya ukoloni. Kwa maoni yake, kuwaambia watu kwamba haja ya Mbantu ni kuheshimiwa nafsi yake kunaweza kuwa njia ya kukwepa kumpa mshahara wa haki, nyumba na chakula. Shutuma hiyo inaigusa Jamaa pia. Kundi hilo lilifundisha ndoa ya mume mmoja na mke mmoja na nyumba iliyotulia, mambo ambayo kampuni nayo iliyataka kwa sababu zake, na halikuingia katika kudai ujira. Nalo Kanisa lililitilia mashaka, hasa pale makundi yaliyojitenga, yaliyojulikana kwa jina la Katete, yalipozuka. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, asirudi tena kufanya kazi huko.

Basi mgomo wa 1941 na Jamaa ni nusu mbili za jambo moja. Wagomaji walidai mgawo wa haki bila kupata nafasi ya kusikilizwa, na Wanajamaa walipata nafasi ya kusikilizwa bila kuugusa mgawo. Usaidizi unaotaka kuitwa wa kupinga ukandamizaji hauwezi kuchagua nusu moja na kuiacha nyingine.

5.0 Baba anapoondoka

Baada ya 1967 Gécamines iliendeleza mpango wa Union Minière: nyumba, shule, hospitali na mgawo wa unga. Katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji wa shaba ulizidi tani 400,000 kwa mwaka. Kisha uliporomoka. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka mwaka 1990. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Katika miaka hiyohiyo, kati ya 1992 na 1994, familia za watu wenye asili ya Kasai zilifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi, nyingi zikingojea treni kwa muda mrefu katika stesheni, bila makazi wala chakula cha kutosha. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa watu ambao kampuni yenyewe iliwaleta. Hapo ilidhihirika udhaifu mwingine wa ubaba huo: haki iliyotolewa kama zawadi ya mzazi huweza kugeuzwa kuwa ugomvi wa wana juu ya nani ni wa nyumba na nani si wa nyumba.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakati ambapo mishahara ya miezi mingi ilikuwa haijalipwa. Walipewa malipo ya mkupuo mmoja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amechapisha mwaka 2001 utafiti wake juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, ambao jina lake linawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo ni ushahidi kwamba lugha ya ubaba ilidumu hata ubaba wenyewe ulipokwisha.

Wanawake waliofundishwa kuwa wake wa nyumbani ndio waliozishikilia nyumba nyingi katika miaka hiyo, kwa kuuza sokoni na kurudi shambani. Vijana wengi wakawa wachimbaji wa mikono wa shaba na kobalti. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa huo ilihamishwa na kuzungushiwa uzio, na ununuzi wa madini yake ukakabidhiwa kampuni moja. Mwaka 2016 Amnesty International ilikuwa imechapisha ripoti juu ya watoto wanaookota, kuosha na kubeba madini hayo, na tangu hapo miradi ya msaada imeongezeka Kolwezi, mji ambao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba.

6.0 Funzo kwa wanaofundishwa kusaidia

Mhudumu wa jamii anayefika leo katika mtaa wa wachimbaji anakuta kumbukumbu hizi zote zikimngoja mlangoni. Akifika na orodha ya vitu vya kutoa, wazee watamwona kuwa ni kampuni iliyorudi, na watamwomba kama mtoto anavyomwomba baba. Akifika na maneno matupu juu ya haki, watakumbuka miezi waliyokaa bila mshahara.

Mfano wa mtoto machimboni unatosha. Ni rahisi kuandika kwamba mtoto huyu ni tatizo, aondolewe, mzazi aonywe. Hapo mhudumu anarudi katika jina la CEPSI. Swali la pili ni gumu zaidi: ada ya shule ililipwa na nani baada ya Gécamines kuacha kuilipa, na mama alipata wapi unga? Elimu ya msingi katika shule za umma za Kongo ilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 2019, lakini mtoto wa mchimbaji huhitaji pia kula kabla ya kwenda darasani. Masista wa Mchungaji Mwema, walioanza kazi Kolwezi katika miaka ya 2010, wameunganisha masomo ya watoto, mafunzo ya kazi kwa wanawake, kilimo, na elimu ya haki kwa wakazi. Thamani ya muungano huo ni kwamba hautengi riziki na sauti. Kipimo chake, kama cha mradi wowote, ni kama wakazi wataweza kuuendeleza na kuukosoa bila kumwogopa aliyeuleta.

Kipimo hicho kinafaa pia kwa sheria. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaitaka kila kampuni itenge asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii, na ifunge ahadi za kijamii kwa makubaliano na jamii za mahali. Kisheria, mwana sasa ni mshirika. Kwa vitendo, yote yanategemea nani anaketi mezani, karatasi zimeandikwa kwa lugha gani, na kama mwanamke wa Musonoi ataelewa yanayosomwa kabla ya kuombwa saini.

Hapa uchunguzi wa lugha una kitu cha kuchangia katika elimu ya wahudumu. Kiswahili kina kiambishi *-an-* kinachoonyesha kwamba tendo linakwenda na kurudi: *kusaidia* huzaa *kusaidiana*, na *kusikiliza* huzaa *kusikilizana*, neno ambalo wasemaji hulitumia pia kwa maana ya kupatana. Lakini *kulea* ni nadra kusikika katika umbo hilo. Mlezi hulea, mtoto hulelewa. Usaidizi wa kambini ulikuwa wa kulea. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii angeweza kuanza masomo yake kwa kuuliza, mbele ya kila kazi atakayopewa, kama tendo lake linakubali kiambishi hicho au linakikataa.

7.0 Hitimisho

Historia ya Kolwezi haiungi mkono wazo kwamba msaada wa zamani ulikuwa hila tupu, wala haiungi mkono majonzi ya wale wanaotamani baba arudi. Hospitali zilizookoa watoto zilikuwa hospitali za kweli, na amri zilizowafunga mama zao zilikuwa amri za kweli. Kuondoka kwa baba hakukuwaweka wana huru. Kuliwaacha bila unga na bila neno.

Kinachobaki kwa wanaofundisha na wanaofundishwa kazi hii ni kuziunganisha nusu mbili ambazo historia ilizitenga: ujira uliodaiwa mwaka 1941 na mazungumzo yaliyoanzishwa na Jamaa miaka michache baadaye. Watu wa kambi za Kolwezi walikwisha kuonyesha kwamba neno *baba* linaweza kuitikiwa na kila mmoja aliyeketi katika duara. Kazi iliyosalia ni kuhakikisha kwamba na chakula kilichomo katikati ya duara hilo kinagawanywa na hao hao walioketi.